Upeo wa ulimwengu ni nini, na je, ndio mwisho wake?

"Kama ulimwengu una mwisho, nyuma ya huo mwisho kuna nini?" Kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, Tanga, swali hili likishatupwa mezani huwa ni turufu: aliyesema ulimwengu una mwisho ananyamaza, wengine wanarudi kwenye bao. Ni swali la kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Archytas, Mgiriki, aliuliza vilevile: mtu akifika ukingoni mwa ulimwengu, ataweza kunyoosha fimbo yake nje? Akiweza, basi hapo si mwisho. Asipoweza, kuna kitu kinamzuia, na kitu hicho nacho kiko nje. Al-Kindi, mwanafalsafa Mwarabu wa karne ya 9, alishika upande wa pili, akajenga hoja kwamba ulimwengu lazima uwe na kikomo. (Habari ya mbingu saba nawaachia masheikh. Hapa nazungumzia kile ambacho darubini inaweza kukipima.)

Kinachovuruga ubishi huu ni kwamba watu huchanganya mambo: macho yetu yanaishia wapi, ulimwengu una ukingo au hauna, na ukubwa wake una kiasi au hauna. Kila moja lina jibu lake.

La macho ndilo lenye jibu la uhakika zaidi, na ndilo linaloitwa upeo wa ulimwengu. Nenda Kigombe, kijiji cha wavuvi kwenye njia ya Pangani, usimame mchangani utazame mashariki. Ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu uko kama kilomita 5 tu kutoka miguuni pako. Pemba iko mbele, zaidi ya kilomita 50, na huioni. Hakuna mvuvi anayedhani bahari imekatika pale. Ukiufuata mstari kwa ngalawa, nao unasogea. Aliyesimama ufukweni Pemba ana mstari wake mwenyewe.

Ulimwengu nao una mstari wa namna hiyo, ila kinachouweka ni muda. Nuru hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Nuru ya vitu vilivyo mbali mno haijapata muda wa kutufikia. Ungetegemea basi upeo uwe umbali wa miaka ya nuru bilioni 13.8 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), lakini sivyo, kwa sababu nuru ikiwa njiani anga lenyewe linapanuka. Georges Lemaître, padri na mwanafizikia Mbelgiji, alilipigia hesabu jambo hilo mwaka 1927, na mwaka 1929 Edwin Hubble, mwanaanga Mmarekani, akaonyesha kwamba kadiri galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, ilivyo mbali ndivyo inavyotukimbia kwa kasi zaidi. Sehemu iliyotutumia nuru ya kale kuliko zote tunazopokea ilikuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 42 tu ilipoitoa. Leo imeshasogea hadi bilioni 46 hivi.

Nuru hiyo iliachiwa miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa kupanuka kwa ulimwengu, ulimwengu huo ulipopoa kiasi cha kuiruhusu ipite; kabla ya hapo palikuwa na ukungu wa moto usiopenyeka. Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, ikiwa imeshanyooshwa na upanuzi wa anga kuwa mawimbi ya redio, kwa sura ya kelele isiyokatika kwenye antena yao. Waliwafukuza njiwa waliokuwa wamejenga humo, wakasafisha na kinyesi chao, kelele ikabaki palepale. Mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel. Na kama kwenu palikuwa na TV ya chogo, wewe pia umeshaipokea: katika zile chenga zilizojaa kwenye kioo stesheni ikikosekana, sehemu ndogo, kama asilimia 1, ilitokana na mawimbi hayo.

Hapa lakini bahari ya Kigombe haitufai tena kama mwanzo. Mwenye ngalawa akivumilia, Pemba ataifika. Sisi hatuna uvumilivu wa kutosha hata tungepewa milele yote, maana mwaka 1998 ilibainika kuwa upanuzi wa ulimwengu unazidi kushika kasi. Galaksi iliyo zaidi ya miaka ya nuru bilioni 16 au 17 kutoka hapa, nuru inayoitoa leo haitafika kwetu kamwe. Ipo, na hatutapata habari zake za leo.

Tuje kwenye ukingo. Archytas aliona kwamba chenye kikomo lazima kiwe na mahali kinapoishia, na hapo ndipo alipoteleza, pamoja na kijiwe kizima cha Ngamiani. Uso wa dunia una kiasi, kilomita za mraba milioni 510 hivi, lakini hakuna jahazi lililotoka Tanga likafika mahali uso huo ulipoishia. Mwaka 1917 Albert Einstein alipendekeza ulimwengu wa namna hiyo: wenye ujazo unaohesabika, usio na ukingo popote. Alikosea alipodhani haupanuki wala haunywei, ila wazo la kikomo bila ukingo likabaki, na kwa maoni yangu ndilo jambo la kwanza la kumweleza mtu anayeuliza swali hili. Mwenye kusema ulimwengu una kikomo hana deni la kueleza kilicho nyuma ya ukuta, kwa kuwa hakusema kuna ukuta.

Je, una kiasi au hauna? Wanaanga hujaribu kulijibu kwa pembetatu. Anzia Ncha ya Kaskazini, shuka hadi Ikweta, pinda, ifuate Ikweta robo ya mzunguko wa dunia, kisha pinda urudi Nchani. Pembe zote tatu ni nyuzi 90, jumla 270, wakati shuleni tulifundishwa 180. Jumla ikizidi, umejua uko juu ya kitu kilichopinda. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2009, ilifanya kazi inayofanana na hiyo. Ile nuru ya kale ina madoa yenye joto na baridi kidogo, na ukubwa halisi wa madoa hayo unajulikana kwa hesabu. Kama anga lingekuwa limepinda, tungeyaona makubwa au madogo kuliko inavyopaswa. Yanaonekana na upana wa kama nyuzi 1, mara mbili ya mwezi mpevu, karibu sawasawa na anga lisilopinda. Kupinda, kama kupo, ni chini ya asilimia 1.

Wengi husoma hapo kwamba ulimwengu hauna kikomo. Inawezekana, na ndiyo hesabu iliyo nyepesi kuliko zote. Lakini anayepima pembetatu kwa kamba mchangani Kigombe naye atapata 180, kwa sababu kamba yake ni fupi mno mbele ya dunia. Tena hata anga lisilopinda kabisa linaweza kujirudia: ukatoka upande huu ukatokea upande ule. Ikiwa ndivyo, na kama mzunguko wenyewe si mrefu kupita upeo wetu, ile nuru ya kale ingekuwa na miduara yenye madoa yanayofanana katika pande mbili tofauti za mbingu. Miduara hiyo imetafutwa kwenye ramani za Planck na za WMAP, setilaiti ya Marekani iliyoitangulia. Haijaonekana, kwa hiyo kama ulimwengu unajirudia, inaelekea unafanya hivyo mbali kuliko nuru yoyote iliyokwisha kutufikia.