Zamani mfanyakazi ndiye aliyefuata kiwanda

Oktoba 2013, Citroën C3 ya mwisho, gari dogo la Kifaransa, ilitoka katika kiwanda cha Aulnay-sous-Bois, karibu na Paris, kilichokuwa kikiunda magari tangu 1973. C3 iliyofuata, ya mwaka 2016, ikaundwa Trnava, Slovakia. Mwaka 2019 ikafuata Peugeot 208 mpya: nyingine ziliundwa Trnava, nyingine Kenitra, Moroko.

Ukiuliza sababu ya kuhama huko, wengi watakujibu: mishahara. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Mbona magari madogo ndiyo hutangulia kuhama? Kufunga milango, viti na magurudumu ya gari dogo hakuhitaji kazi pungufu sana kuliko gari kubwa, lakini bei yake ni ndogo mno. Faida ikiwa nyembamba hivyo, kila saa ya fundi inauma.

Tena mara nyingi hutangulia nyaya kabla ya gari lenyewe. Fungu la nyaya za umeme lililojificha nyuma ya dashibodi na chini ya mazulia hupangwa kwa mkono juu ya ubao, waya kwa waya, maana roboti bado hazimudu vizuri kitu kinachopindapinda. Kazi hiyo ilihamia Romania, Tunisia, Moroko, na Ukraine pia. Vita vilipopamba moto Ukraine mwaka 2022, Volkswagen na BMW zilisimamisha uzalishaji katika baadhi ya viwanda vyao Ujerumani kwa kukosa nyaya. Unafuu wa mshahara una hatari zake, na mhasibu haziandiki kwenye hesabu mpaka zimfike.

Moroko nayo haikungoja wageni mikono mitupu. Mkataba wake na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika mwaka 2000, ulifungua njia ya kuondoa ushuru wa bidhaa za viwandani. Mwaka 2007 ikafunguliwa bandari ya Tanger Med, kwenye mlango wa bahari ambao sehemu yake nyembamba ni kilomita 14 hivi mpaka Hispania. Kiwanda cha Renault huko Melloussa, kilichozinduliwa 2012, kina reli inayopeleka magari bandarini. Kwa maoni yangu reli hiyo inaeleza mengi kuliko takwimu za mishahara: bila usafiri wa haraka, akiba yote ingeishia kwenye nauli.

Katika miaka ya 1970 Citroën ilikwenda Moroko kutafuta vijana na kuwapeleka Aulnay. Wengi wao walikuwamo katika mgomo mkubwa wa 1982, wakidai heshima kazini.