Mteja Anatafuta Mtu wa Kazi, Hatafuti Nyumba Yako

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumapili, muuza mitumba wa Kibuye pale Kisumu ameshafungua bale na nguo ziko kwenye status ya WhatsApp. Katikati ya magauni na suruali unakuta picha za mtoto siku ya kufungua shule, harusi ya dada, safari ya kwenda mazishi nyumbani. Napenda biashara yenye sura ya mtu. Lakini kuna mambo tunayoaminishana ambayo yanatuweka hatarini bure.

Dhana: Mteja hakuamini mpaka umwonyeshe maisha yako yote

Mteja wa Kakamega anayelipa kabla ya kuona mzigo ana hofu, tena hofu ya haki: huyu mtu yupo kweli? Kinachomtuliza ni mambo ya kazi. Sura yako ukiwa kibandani. Mahali unapopatikana na saa za kufungua. Jina linalotokea kwenye M-Pesa likiwa ndilo unalojiita. Nani alikufundisha kushona, mbona ukaacha viatu ukaingia vitenge: hayo pia ni ya binafsi, na yanaleta ukaribu wa kweli.

Sare ya mwanao haimhakikishii mteja chochote. Inamwonyesha mtu usiyemjua pa kumpata mtoto huyo jioni.

Linaloniudhi zaidi ni watu kudaiwa picha ya kitambulisho ili kuthibitisha kwamba si matapeli, nao wanaiweka hadharani. Jina kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vitu matapeli wanavyovitafuta wapate kuhamishia laini yako kwenye simu yao. Na pesa zako za M-Pesa zimefungamana na laini hiyo. Ukidaiwa uthibitisho, mwalike mteja afike kibandani, au apige simu ya video akuone umesimama na mzigo.

Dhana: Status yangu inaonwa na marafiki tu

Usipobadilisha mpangilio, inaonwa na kila uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Mfanyabiashara huhifadhi kila aliyeuliza bei, kwa hiyo "marafiki" hao ni pamoja na watu ambao ukipishana nao Kondele hutawatambua. Saa 24 zikipita picha inaondoka, ila aliyepiga picha ya skrini anabaki nayo. Tumia laini ya pili kwa kazi ukiweza, au chagua watakaoona mambo ya familia.

Dhana: Ujumbe wa malipo ya mteja ni tangazo langu

Huu ndio mtindo tuliouzoea: mteja analipa, muuzaji anaposti ujumbe wa M-Pesa kuonyesha kwamba biashara inatembea. Jina la mteja liko pale, kiasi alicholipa, pengine namba yake, na salio lako mwenyewe. Vivyo hivyo picha ya mteja akijaribu nguo. Hizo ni taarifa zake, na nchini Kenya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 kwa baa moja ya Nairobi iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shilingi 4,550,000 kwa shule iliyoweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kuomba ruhusa hakuchukui muda: "Dada, umependeza, naomba niweke picha hii kwenye ukurasa wangu?" Wengi wanakubali kwa furaha. Mwingine atataka uso ufichwe, mwingine atakubali gauni lionekane lakini bei isitajwe, maana mashemeji wanafuatilia ukurasa huo huo. Na aliyekubali leo akibadili nia mwezi ujao, sheria inamruhusu kuondoa idhini yake. Itoe picha siku hiyo hiyo bila kumuuliza sababu.