Kuondoa mitaji Afrika Kusini: yanayosemwa na yaliyotokea

Ubishi wa namna ya kuibana serikali kandamizi ya nchi nyingine ukianza, haichukui muda mtu ataitaja Afrika Kusini ya Makaburu. Mmoja atasema mbona kule kuondoa mitaji kulisaidia. Mwingine atajibu kuwa zilikuwa kelele za wanafunzi tu. Wote wawili kwa kawaida huwa wanatia kapu moja mambo manne tofauti: mwenye hisa kuziuza, kampuni kufunga virago, benki kunyima mkopo, na serikali kuweka vikwazo. Uzito wake haukuwa sawa hata kidogo.

Dhana: Chuo kikuu kikiuza hisa zake za kampuni zenye biashara Afrika Kusini, Makaburu wanapoteza fedha.

Hawapotezi. Hisa ikiuzwa New York, kuna mtu mwingine ameinunua. Kampuni yenyewe haijapungukiwa hata senti. Julai 1986 Chuo Kikuu cha California kiliamua kuachana na hisa za takribani dola bilioni 3 katika kampuni zenye biashara Afrika Kusini. Habari ilikuwa kubwa, soko halikutikisika. Mwaka 1999 Teoh, Welch na Wazzan walichapisha utafiti uliopitia mauzo ya aina hiyo, na hawakuona athari ya maana kwenye bei za hisa.

Wanaobeza kampeni hizi huupenda sana utafiti huo, na huishia hapo. Lakini bei ya hisa si kipimo pekee. Mkurugenzi aliyeulizwa habari za Soweto kila mkutano mkuu wa wanahisa, huku miji ya Marekani ikimnyima zabuni kwa sababu hiyohiyo, alianza kupiga hesabu nyingine: soko hili dogo la kusini, lina faida gani ya kunitesa hivi?

Dhana: Ni serikali za Magharibi zilizombana Botha, rais wa Makaburu.

Rais Reagan wa Marekani na Waziri Mkuu Thatcher wa Uingereza? Hao walipinga vikwazo vizito kwa miaka. Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya vikwazo mwaka 1986, Reagan aliikataa, na Seneti ikautengua uamuzi wake Oktoba 2 kwa kura 78 dhidi ya 21. Kufikia hapo pigo kubwa lilikuwa limeshapigwa, na mpigaji hakuwa mwanasiasa.

Mwaka 1985 Afrika Kusini ilidaiwa nje takribani dola bilioni 24, na zaidi ya nusu ilikuwa mikopo ya muda mfupi. Mikopo ya aina hii mara nyingi hailipwi. Muda ukifika, inaongezewa muda mwingine. Ni kama mwenye duka anayekopa kila mwisho wa mwezi kulipa mkopo wa mwezi uliopita: anaonekana tajiri mpaka siku anayemkopesha aseme leo sina.

Siku hiyo ilikuja Julai 31, 1985. Siku chache nyuma Botha alikuwa ametangaza hali ya hatari, vitongoji vya Weusi vikiwaka moto. Benki ya Chase Manhattan ikaamua kutoongeza tena muda wa mikopo. Benki nyingine zikakimbilia mlangoni, kila moja ikiogopa kubaki ya mwisho. Agosti 15 Durban, dunia ikisubiri atangaze mageuzi, Botha alisimama akatikisa kidole na kusema hataburuzwa na mtu. Randi, sarafu ya nchi hiyo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilizidi dola kwa thamani, ikaporomoka hadi senti 35 hivi za dola. Soko la hisa la Johannesburg likafungwa kwa siku kadhaa. Gavana wa benki kuu, Gerhard de Kock, akapanda ndege kwenda kuwabembeleza wakopeshaji, asiambulie kitu. Septemba 1 serikali ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya deni haitalipwa kwa sasa.

Chase walisema ni suala la hatari ya kibiashara, si siasa. Nawaamini. Ila hatari hiyo haikushuka kutoka mbinguni: ililetwa na watu wa vitongojini waliogoma kulipa kodi za nyumba na kukabili risasi, na kwa upande wa pili na wateja na wanahisa waliokuwa wakiisumbua benki hiyo tangu Machi 1965, wanafunzi walipokaa chini mbele ya makao yake makuu New York wakipinga mikopo iliyotolewa baada ya mauaji ya watu 69 kule Sharpeville.

Dhana: Kampuni zilizotangaza kuondoka ziliondoka kweli.

Baadhi. General Motors iliuza kiwanda chake kwa mameneja wa hukohuko, kikaitwa Delta, na magari yaliendelea kutoka. IBM nayo iliwauzia watu wa ndani, bidhaa zake zikaendelea kupatikana. Kodak ilikwenda mbali zaidi: ilifunga na kuzuia bidhaa zake zisiuzwe nchini humo. Kwa hiyo ukisikia kampuni "imejitoa" mahali, uliza kwanza imemwachia nani funguo.

Dhana: Walioumia ni Weusi, na hakuna aliyewauliza.

Waliumia, ndiyo. Mwaka 1986 wafanyakazi wa General Motors kule Port Elizabeth waligoma wakidai haki zao kabla kampuni haijaondoka, na mgomo ukavunjwa. Hilo halifai kufichwa. Ila kusema hawakuulizwa ni uongo: Albert Luthuli wa chama cha ukombozi cha ANC aliomba dunia isusie bidhaa za nchi yake tangu mwaka 1959, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, liliunga mkono shinikizo hilo tangu lilipoundwa mwaka 1985. Kuisemea hoja hiyo hadharani nchini humo kungeweza kukupeleka jela.

Dhana: Lilikuwa wazo la vijana wa vyuo vya Marekani.

Juni 26, 1959, London, ulifanyika mkutano wa kuanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, na Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza.

Dhana: Benki zilijitoa mhanga.

Hii ndiyo inayonichekesha. Baada ya kusimamisha malipo, Pretoria ilikaa na wakopeshaji wake mezani, wakaandikiana mikataba ya kulipa kidogokidogo. Mkataba wa tatu ulitangazwa Oktoba 1989, karibu na siku viongozi wa Jumuiya ya Madola walipokutana Kuala Lumpur kujadili vikwazo, na wanaharakati walikasirika kweli kwa kuwa walitaka benki zikaze kamba palepale. Uchaguzi wa 1994 ulipopita, serikali ya Mandela ilikubali kuendelea kulipa madeni iliyorithi, yakiwemo yaliyokopwa na waliomfunga.