Vita Vikiisha, Malipo Hubaki: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mtwara na Lindi

Katika vikao vya kata vya maandalizi ya bajeti, swali moja limekuwa likijirudia: Serikali inangoja nini kuvuka mto Ruvuma na kuwamaliza wale wanamgambo wanaosumbua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji? Swali la pili ni kwa nini zahanati na barabara za vijijini zinachelewa. Mara nyingi anayeuliza la kwanza ndiye huyo huyo anayeuliza la pili, na hapo ndipo tunapolazimika kufafanua.

Ieleweke kwamba ofisi za fedha za umma hazipangi ulinzi. Lini jeshi litumike, na wapi, si suala letu na makala hii haitaligusa. Tunazungumzia malipo tu.

Hoja tunayoisikia sana ni kwamba askari tayari wana mishahara, kwa hiyo vita havina gharama mpya. Si kweli, na inachosha kuirudia. Mshahara ni sehemu ndogo. Kuna mafuta ya magari na ndege, risasi, vipuri, chakula, dawa, kusafirisha majeruhi, kisha mafao ya wajane na yatima, ambayo huendelea kulipwa miaka mingi baada ya amani. Fedha hizo hupatikana kwa kuongeza kodi, kupunguza mafungu mengine, kukopa, au kuchapisha noti. Wapo wanaosema tuchapishe tu. Noti zikiongezeka na bidhaa zisiongezeke, bei hupanda, na wa kwanza kuumia ni mwenye kipato kisichopanda.

Taifa letu lilipitia hayo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na mapigano yakaisha Juni. Vita vile vilikuwa vya haki, na hakuna anayebishana na hilo. Gharama yake inakadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, kiasi kinachokaribia mauzo yetu yote ya nje ya mwaka mmoja wa wakati ule. Wananchi walichanga ng'ombe, nafaka na fedha, lakini risasi na mafuta vililipiwa kwa fedha za kigeni, na hizo hazichangwi kijijini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa kasi baada ya mapinduzi ya Iran. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wenye umri wanajua kwamba mkanda haukulegezwa miezi hiyo ilipokwisha: sabuni, sukari na khanga viliendelea kuadimika kwa miaka, na mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 30 mwaka 1980.

Tusiisingizie vita kila kitu. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulianza kuporomoka kabla Amin hajavuka mpaka, kwa sababu za bei, magonjwa ya mikorosho na wakulima kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Vita vilikuta uchumi umechoka tayari.

Siasa za ndani nazo ziliguswa. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakakamatwa kwa kuficha bidhaa ambazo zamani hakuna aliyeona haja ya kuzificha. Sheria ya uhujumu uchumi ya mwaka huo ilifuatiwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi ya 1984, Sura ya 200, ambayo ipo mpaka leo. Atakayetiwa hatiani chini yake anaweza kufungwa miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30, na mali iliyohusika kutaifishwa. Mwaka 1986 makubaliano na IMF yakasainiwa, na shilingi ikashushwa kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola moja.

Anayedhani vita vya wengine havimhusu aitazame bandari ya Mtwara. Uingereza ilitoka katika Vita Kuu ya Pili mwaka 1945 ikiwa na deni linalozidi mara mbili ya pato lake la mwaka. Mwaka 1946 ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, na malipo ya mwisho yalifanyika Desemba 2006. Haikuwa na dola za kununulia mafuta ya kula, na mgao wa vyakula uliendelea huko hadi 1954. Ndipo ukaja mradi wake wa kulima karanga za mafuta hapa kwetu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari yetu ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mradi huo. Mapema 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mradi na kubeba hasara ya takriban pauni milioni 36; aibu hiyo ikawa silaha ya wapinzani, na Oktoba mwaka huo chama cha Labour kikaondoka madarakani. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Bandari tunayo.

Kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma mambo yamekuwa magumu zaidi. Mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kwa ajili ya meli za jodari na ulinzi wa pwani, Serikali ikazidhamini bila idhini ya Bunge. Siri ilipofichuka mwaka 2016, IMF na wafadhili walisimamisha misaada ya bajeti na thamani ya metikali, sarafu ya Msumbiji, ikaporomoka. Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa wadai wake. Oktoba mwaka huo mashambulizi ya wanamgambo yakaanza Mocímboa da Praia, mji wa Cabo Delgado. Mji wa jirani wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, mradi wa gesi wa dola bilioni 20 ukasimama, nao ndio uliotarajiwa kulipa madeni. Ni sawa na mkulima aliyekopa kwa korosho ambazo hazijatoa maua, kisha shamba likaungua. Kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambacho askari wetu walikuwamo, kiliondoka mwaka 2024, na ukata wa fedha ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema utaratibu wa kupitia Bungeni unachelewesha. Kwa mujibu wa Ibara ya 44 ya Katiba, Rais anaweza kutangaza hali ya vita. Nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, naye huitisha Bunge ndani ya siku 14 ili liamue kuliunga mkono au kutoliunga mkono. Fedha ni hatua nyingine. Ibara ya 136 inazuia fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya kisheria, na ya 137 inaeleza makadirio yanavyofikishwa Bungeni. Ya 140 inahusu mfuko wa dharura, na kilichotolewa humo lazima kiombewe makadirio ya nyongeza. Katika bajeti, ulinzi huombewa fedha kwa Fungu 38 la Ngome (jeshi lenyewe), 39 la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na 57 la Wizara ya Ulinzi. Bunge likikataa bajeti, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja.

Wenye maswali kuhusu fedha za kijiji chao wayapeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu na ambako taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa. Isiposomwa, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri, mkitaja tarehe ya mkutano na jina la kijiji.