Wapenzi wawili, kadi mbili za kliniki

Kliniki yetu ni Jumanne. Ikifika saa moja asubuhi benchi la nje limeshajaa, na miongoni mwa wanaosubiri huwaona wanakuja wawili wawili. Mke ameshika kadi, mume ameshika chupa ya maji na mfuko wa maandazi. Wageni hudhani mmoja ni mgonjwa na mwingine ni msindikizaji. Ukitazama vizuri, kadi mkononi mwa mke ni mbili.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa na ndugu kuliko yote ni hili: "Sista, sasa hawa wawili wataangaliana vipi?" Wengine hawalisemi kwa upole hivyo. Miaka ya mwanzo ya kazi nami niliwahi kumshauri binti mmoja aachane na mchumba wake kwa sababu wote wawili walikuwa wanatumia dawa. Nilikosea, na nimelijutia neno lile. Aliachana naye, na kliniki pia akaacha kuja.

Watu wenye maradhi ya akili kupata wenza wenye maradhi ya akili si jambo la ajabu wala la hapa kwetu tu. Utafiti mkubwa uliofanyika nchini Sweden na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hutokea mara nyingi kuliko ambavyo bahati peke yake ingeleta. Huku kwetu wengine hukutana kwenye mabenchi kama haya, wengine huoana kwanza na ugonjwa wa pili ukajitokeza baadaye. Mtu aliyeitwa kichaa mtaa mzima hupata pumziko kwa mwenzake asiyehitaji kuelezwa maana ya kulala siku tatu bila kuoga. Upendo huo ni wa kweli na unaponya mengi. Ila kuna kazi moja hauwezi kuifanya: wawili hawawezi kuwa hospitali ya wao kwa wao.

Niwasimulie jambo moja, nikiwa nimebadilisha mengi ili wahusika wasitambulike. Mume ana baipola, ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno. Anaendesha bajaji ya tajiri maeneo ya Tandika. Mke ana sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na anauza vitumbua. Mwezi mmoja bajaji ililala gereji, hela ya dawa ikakosekana, mume akaruka tarehe ya kliniki. Akashuka. Hali chakula, hasemi, analala na uso ukutani. Mke akatoa kidonge kwenye pakiti yake mwenyewe: "Mume wangu, kunywa hiki, mimi ndicho kilichoniinua." Akampa kila siku, yeye akibaki na pungufu.

Wiki ya pili mume akaamka. Mke akashukuru Mungu. Saa nane usiku akamkuta uani anaosha viatu, na si vyake tu: viatu vya wapangaji wote vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kuanzia mlango wa choo hadi getini, vinameta. Siku mbili baadaye hesabu ya tajiri aliigawa yote kijiweni, akicheka.

Dawa za sonona, kama fluoksetini na amitriptilini, zikinywewa na mwenye baipola bila dawa ya kusawazisha hisia zinaweza kumrusha kutoka chini hadi juu kupita kiasi. Kidonge kilekile kilichomwinua mke kilimpindua mume. Na mke, kwa kujipunja, naye alianza kuzama. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Sisi tumelelewa kugawana, cha mmoja ni cha wawili, na ndiyo maana kosa hili naliona zaidi kwa wanaopendana sana. Basi gawaneni chai, gawaneni nauli, lakini kila mtu anywe dawa iliyoandikwa kwenye kadi yake. Wapo pia wanaopeana zamu, mwezi huu dawa zako, mwezi ujao zangu. Hiyo huwaangusha wote wawili, maana ugonjwa unarudi zaidi dawa zinapokatishwa. Hela ikikosekana njooni mseme. Mara nyingi tunaweza kubadilisha dawa au kutafuta ya bei nafuu, msipunguze wenyewe.

Jambo la pili ninalolisikia mezani kwangu ni lugha ya ndani. Mwenye sonona akinyamaza, mwenzake huusoma ukimya ule kama dharau. Mwenye baipola akichangamka na kuchelewa kurudi, mwenzake huhisi kuna mwanamke mwingine. Kila mmoja anausoma ugonjwa wa mwenzake kwa macho ya ugonjwa wake. Halafu kuna sentensi moja ningetamani ifutwe kwenye nyumba hizi: "Leo umekunywa dawa wewe?" ikitamkwa katikati ya ugomvi. Mtu mwenye maradhi ya akili ana haki ya kukasirika kwa sababu kodi haijalipwa. Ukimjibu kwa vidonge, umemwambia hasira yake si ya mtu mzima. Swali la dawa liwekewe wakati wake, labda baada ya chakula cha usiku, liulizwe na wote wawili kwa wote wawili. Upande mwingine, ugonjwa si ruhusa ya kipigo. Anayepigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, hata kama anayempiga ana kadi ya kliniki.

Sasa chumbani, kwa sababu huko ndiko ndoa nyingi zinavunjika na hakuna anayetuambia. Haloperidoli na risperidoni, dawa za kutuliza sauti na mawazo yasiyo ya kweli, huweza kupandisha homoni inayopunguza hamu, ikamletea mwanamume udhaifu na kumsimamishia mwanamke hedhi. Fluoksetini nayo huchelewesha au huzuia kufika kileleni. Wakiwa wote wawili wako kwenye dawa, kitanda kinapoa pande zote mbili na kila mmoja anajiona hapendwi. Wanaume huacha dawa kimyakimya au hununua dawa za nguvu barabarani. Tafadhali tuambieni. Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na hatucheki.

Uzazi unahitaji uangalifu kuliko yote niliyosema. Karbamazepini, dawa inayotolewa sana kwa baipola na kifafa, inaharakisha ini kuvunja homoni za uzazi wa mpango, hivyo kijiti na vidonge vya majira huweza kushindwa kazi. Nimewaona kina mama wenye kijiti mkononi na mimba tumboni, wanashutumiwa nyumbani kwa uongo. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriwi namna hiyo. Mweleze anayekupa uzazi wa mpango dawa zote unazokunywa, na utuambie na sisi, maana vyumba hivi viwili mara nyingi havisemezani.

Valproeti, nayo dawa ya baipola na kifafa, ni jambo zito zaidi. Mama akiitumia akiwa mjamzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za mwili, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili na kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo. Ukiwa unaitumia, usiitupe leo. Njoo upangiwe namna ya kuhama kabla ya kubeba mimba.

Na baada ya kujifungua je? Mwanamke mwenye baipola kali ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya watano wa kuugua vibaya sana akili, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, wakati kwa wanawake wote ni mmoja au wawili kati ya elfu moja. Usingizi ni sehemu ya tiba hapa. Mila yetu ya arobaini ni hazina: bibi au shangazi achukue mtoto usiku, mama alale. Baba naye, kama ana ugonjwa unaochokozwa na kukesha, asifanywe mlinzi wa usiku peke yake.

Mabibi huniuliza kama mtoto atarithi. Nawajibu kwa hesabu. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2010, uliohusu watu milioni 2.7, uliangalia watoto ambao wazazi wote wawili walikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo ya kweli: 27 kati ya mia walipata ugonjwa huo. Mzazi akiwa mmoja walikuwa 7. Kwa baipola ya wazazi wote wawili walikuwa 25 hivi. Ni hatari kubwa, siifichi. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: karibu robo tatu hawakupata ugonjwa wa wazazi wao.

Kwa walio kwenye uchumba, semeni kabla ya posa. Najua inavyoogopesha; mshenga akisikia "Mirembe", hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, habari zinafika ukoo mzima jioni hiyohiyo. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971 inataja wazimu unaojirudia, pamoja na kifafa, kuwa sababu ya kuomba mahakama ibatilishe ndoa, ikiwa mwenza hakujua wakati wa kufunga na amefungua shauri ndani ya mwaka mmoja. Aliyeambiwa mapema akakubali hana mlango huo. Ukweli uliousema unakulinda wewe uliyeusema.

Nimeacha la muhimu mwisho. Chungu kinakaa juu ya mafiga matatu, na nyumba ya wagonjwa wawili inahitaji la tatu: mtu mmoja, mliyemchagua wote, ambaye hatapiga kelele mtaani. Si lazima awe mama mkwe. Ndugu wengi wako Lindi au Tabora, na usiku wa hatari hauwasubiri. Mkiwa wazima, kaeni na mtu huyo muandike karatasi moja: dalili zenu za mwanzo, kila mmoja za kwake, dawa iliyowahi kumdhuru nani, namba ya siri ya hela za simu itabadilishwa na nani, watoto watalala wapi, hospitali ipi. Andikeni pia mtafanya nini mkizama wote wawili wiki moja, kwa sababu hilo hutokea, na kwenye dhoruba hakuna anayefikiri sawasawa.

Mwenzako akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo jipya. Akisema ndiyo, hiyo si siri ya mapenzi tena. Mwite mtu wa tatu, dawa zote zitoke chumbani, na msimwache peke yake hadi mfike idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, hata kama ni saa tisa usiku.

Wale wa Tandika walimchagua jirani yao, mama mmoja anayeamka alfajiri kuswali. Karatasi yao iko nyuma ya kabati, na nakala iko kwenye faili zetu. Kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa mume, imeandikwa: "Viatu usiku." Walikubaliana kwamba mama yule akiviona uani, hatauliza kitu wala kuita watu, atabisha hodi na kuomba chumvi. Mwaka jana ameomba chumvi mara mbili. Mara zote mbili niliwakuta kwenye benchi kabla ya saa mbili, mke akiwa na kadi mbili mkononi, na mara ya pili yule mama naye alikuwa amekaa pembeni yao na kanga yake ya kuswalia.