Karatasi iliyoandikwa mara elfu moja

Msanii wa Kichina Qiu Zhijie alichukua karatasi moja akanakili juu yake Lanting Xu, maandishi ya Wang Xizhi, bingwa wa kuandika kwa brashi, ya mwaka 353. Alipomaliza hakubadili karatasi. Alirudia juu ya maneno yale yale mpaka zikatimia mara 1,000, kati ya 1990 na 1995. Karatasi ikawa nyeusi tii.

Nikifundisha khati ya Kichina, yaani sanaa ya kuandika kwa brashi, huanza na kazi hii, kwa sababu wengi wanaotaka kuipeleka khati kwenye sanaa ya kisasa hushika sura yake tu: herufi kubwa, wino uliorushwa ukutani. Mimi naamini kinachostahili kuvushwa ni mwendo wa mkono.

Chukua mstari wa mlalo, heng, ambao peke yake husomeka "moja". Brashi inasimama wima. Ncha inarudi kidogo kushoto ili ijifiche ndani ya wino, ndipo mkono unakwenda kulia, unalegea katikati, unakaza mwishoni na kurudi nyuma. Karatasi ya xuan, ile ya kuandikia khati, hunywa wino papo hapo. Ukisita, doa linatanuka, na kusita kwako kunabaki pale siku zote, maana hakuna kufuta.

Mkono huo haupatikani ila kwa kunakili mabingwa, miaka nenda miaka rudi. Hata Lanting Xu tunaijua kwa nakala. Ile aliyoiandika Wang mwenyewe imepotea. Ina herufi 324, na mojawapo, zhi, imejirudia kama mara 20, kila mara kwa umbo lake. Mwanafunzi hupaswa kuzipata zote.

Msanii mwingine, Xu Bing, alibuni herufi zipatazo 4,000 zisizo na maana, akazichonga kwenye mbao na kuzichapa: hata Mchina hawezi kuzisoma. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ila moyo wangu uko zaidi kwa msanii Song Dong, ambaye tangu 1995 huandika shajara yake kwa maji juu ya jiwe. Utotoni baba yake alimfundisha kufanya mazoezi hivyo, ili wasipoteze wino na karatasi. Maneno yanakauka, kesho anaandika mengine.

Nikirudi kwa Qiu, wanafunzi huniuliza alikuwa anaona nini baada ya karatasi kujaa. Huwa nawapa brashi na karatasi iliyokwisha kupakwa wino ikakauka, nawaambia waandike zhi. Wino mbichi unang'aa juu ya mweusi mkavu, herufi inaonekana nzima kwa muda mfupi, kisha inazama.