Nia ya Kuishi kwa Afya: Tunayokosea Tunapowapima Wanafunzi wa Nairobi

Msimu wa utafiti ukifika, mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi huletewa hojaji hata akiwa kibandani na chapati yake mkononi. "Nakusudia kula matunda na mboga kila siku kwa wiki 2 zijazo." Anachagua kati ya 1, sikubaliani kabisa, na 5, nakubaliana kabisa, kisha anarudisha karatasi. Alama hizo zinapowekwa kando ya zile za wanafunzi wa nchi nyingine, dhana potofu huingia. Nimetafsiri hojaji za aina hii na kukaa na wanaozijaza, na dhana hizi nimezisikia hata kwa waliobobea.

Dhana: Alama ya juu ni nia kubwa.

Mnunuzi wa mahindi anaijua gorogoro. Wauzaji 2 wanaweza kukupimia gorogoro moja kila mmoja, lakini ikiwa kopo la mmoja limebonyezwa chini, hukupata kiasi kimoja. Alama 4 ya Nairobi na alama 4 ya Tokyo zina shida hiyohiyo. Imeonekana kwamba wanafunzi wa Japani huelekea katikati ya mizani kuliko wenzao wa Marekani, ambao huzifikia ncha kwa urahisi zaidi. Tena mtu hujipima kwa kuwatazama walio karibu naye. Anayeishi na wenzake wasioonja tunda wiki nzima ataiona ndizi yake moja kuwa juhudi kubwa.

Kwa hiyo usawa wa kipimo hukaguliwa kwanza, kwa hatua 3: kama maswali yanajikusanya kwa namna moja katika nchi zote, kama kila swali lina uzito uleule, na kama watu wenye nia sawa huanzia alama ileile. Hatua ya 3 ikishindwa, wastani wa nchi hizo haulinganishwi, hata kama jedwali linapendeza.

Dhana: Wanafunzi wa Nairobi wanajua Kiingereza, na wasiojua watafsiriwe.

Mihadhara ni ya Kiingereza, ni kweli. Lakini chakula cha nyumbani mtu hukifikiria kwa lugha ya nyumbani. Na tafsiri yenyewe ina mitego. Tangu mtafiti Richard Brislin aieleze mwaka 1970, njia ya kutafsiri kisha kurudisha maneno katika lugha ya kwanza imetumika sana. Ni njia nzuri, ila hukagua maneno tu.

Chukua "mboga". Mwanafunzi aliyetoka Tanzania kuja kusoma Nairobi anaweza kuita samaki mboga, maadamu ameliwa na ugali. Hojaji isiposema "mboga za majani", wasemaji wawili wa Kiswahili wanajibu maswali mawili tofauti. Chukua "nitajaribu", ambayo hutumika kama kipimo cha nia pamoja na "nakusudia" na "ninapanga". Hapa Nairobi, ukimwalika mtu harambee akakuambia "nitajaribu", usimwekee kiti. Na "nina nia" kwa mwanafunzi Mwislamu ni neno zito: funga ya Ramadhani haisimami bila nia. Huyo anaweza kusita kuandika 5, na kusita kwake ni uaminifu, si uvivu.

"Mazoezi" ndilo linaloniuma zaidi. Kijana anayelala Ngara na kusoma kampasi ya katikati ya jiji anatembea upesi dakika 20 kwenda na 20 kurudi, siku 5. Hizo ni dakika 200, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza 150 hadi 300 kwa wiki kwa mtu mzima. Muulize kama anafanya mazoezi, atasema hapana, kwa sababu kwake mazoezi ni jimu, na jimu inalipiwa. Tunamwandika mzembe mtu anayetimiza kiwango kila wiki.

Dhana: Aliyenuia atatenda.

Icek Ajzen, ambaye nadharia yake ndiyo msingi wa hojaji nyingi za aina hii, hakusema hivyo. Katika makala yake ya 1991, nia hutokana na mtazamo wa mtu, matarajio ya watu anaowajali, na anavyoona uwezo wake wa kulitenda jambo. Christopher Armitage na Mark Conner walipokusanya tafiti 185 mwaka 2001, nadharia hiyo ilieleza asilimia 39 ya tofauti za nia kati ya mtu na mtu, lakini asilimia 27 tu ya tofauti za matendo. Mkopo wa masomo ukichelewa, anayeishi bedsita, yaani chumba kimoja cha kupanga, hununua sukuma ya shilingi 20 na kuacha maembe, na nia yake haijapungua hata chembe. Maswali ya uwezo yanapaswa kutaja pesa, jiko na muda waziwazi.

Kinachosaidia kuvuka pengo hilo ni mpango wenye mahali na saa, kama alivyoonyesha mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: "nikishuka matatu jioni, nitapitia kwa mama mboga." Hojaji nyingi haziulizi hilo kabisa.

Dhana: Nchi moja, utamaduni mmoja.

Chumba kimoja cha hosteli kinaweza kuwa na mtu wa Garissa, wa Kisii na wa Buruburu. Ukiandika "wanafunzi wa Kenya" kwa darasa moja la Nairobi, eleza pia wanalala wapi, wanakula wapi, na nani anawapikia.